Mchanga Tuliougawa kwa Mwezi

Idd iliyopita, ile ya kufungua mfungo, niliwapeleka watoto ufukweni, wangu na wa mdogo wangu, upande wa Ilemela. Kijana wa getini akanitajia kiingilio. Nikamwambia apunguze. Akasema, "Hapa hatupunguzi mama, bei iko kwenye kompyuta." Nikamwambia basi aiite hiyo kompyuta nje tuongee nayo. Unanijua. Nauza vitenge jirani na mto Mirongo miaka yote hii, na bei ya kwanza siijui ladha yake; hata daktari wa meno huwa namwambia aanzie chini kidogo. Nikamhesabia watoto, kisha nikawahesabu tena kuanzia upande wa pili, na hesabu ya pili ikatoka na watoto wachache kuliko ya kwanza. Kijana akacheka, akawaachia wale wafupi wapite bure.

Wakati anafungua geti nikamwambia, "Halafu leo ni zamu yetu." Alidhani naongelea foleni. Akasema ndiyo mama, karibuni, akatupisha.

Ndani kuna miavuli na vitanda vya kulalia juani, kana kwamba jua la Mwanza ni kitu cha kukilipia. Mchanga ni mweupe kuliko ninavyoukumbuka. Nilipomuuliza mhudumu, alijibu kwa fahari kwamba umeletwa kwa malori. Nikageuka kutazama mawe, maana mawe ya Mwanza hakuna lori linaloyaweza. Yalikuwepo. Lile kubwa la kushoto, lenye mwanya katikati, tuliliita Kabati, kwa sababu Bibi alikuwa anaweka humo birika lake, vikombe vyake na sukari iliyofungwa kwenye karatasi mbili, moja ya kuzuia sisimizi na moja ya kunizuia mimi. Nikaenda nikakaa pale, mgongo kwenye jiwe. Watoto wakakimbilia majini. Na mimi, rafiki yangu, nikarudi nyuma mpaka pale ambapo hoteli hii ilikuwa bado haijafikiriwa na mtu.

Wageni wanaokuja leo wanadhani ufukwe ulianza na hoteli. Ulianza na dagaa. Tuliuita mwaloni tu, basi, kipande cha mchanga kati ya mawe na mawe, na wenyewe walikuwa wanawake waliokausha dagaa. Bibi yangu ndiye aliyekuwa kiongozi wao, ingawa sikumbuki uchaguzi. Alitoka Majita, huko Mara, akiwa mke wa mvuvi, akafiwa, akabaki na mchanga. Alfajiri mitumbwi ilirudi na taa za karabai zikiwa bado za moto, wanawake wakanunua kwa ndoo wakibishana, na jua lilipopanda juu ya mawe mchanga wote ulikuwa umefunikwa na fedha inayonuka. Kazi yangu ilikuwa ndege. Yangeyange, kunguru, mnandi, na bata wa jirani ambaye alijifanya kunguru. Nilishika fimbo yenye kipande cha kanga, nikatembea kutoka Kabati hadi majini na kurudi, nikipiga ukelele ambao Bibi alinifundisha, wa kuanzia puani na kumalizikia kichwani kwa mtu. Upande mmoja wa dagaa ukikauka tuliwageuza kwa ufagio wa vijiti. Wanunuzi walilalamika kwamba dagaa wetu wana mchanga. Bibi aliwajibu kwamba mchanga hauzi, huo ni nyongeza.

Sasa kuna jambo ambalo watu wa ziwani hatuhitaji kuambiwa, lakini wewe wa mjini sogea. Dagaa huvuliwa gizani. Karabai inawaita, na kukiwa na mbalamwezi hawaioni karabai kuwa kitu. Kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hulala nchi kavu, wavuvi hushona nyavu na kuwaudhi wake zao, na mchanga hubaki mtupu. Sisi watoto tulijua tarehe kwa namna hiyo. Kukinuka, ni giza. Kusiponuka, ni mbalamwezi.

Siku za Jumapili walikuja watu wa mjini kupunga upepo. Mwanzoni, zile enzi za maduka matupu, walikuja na kila kitu chao, hadi kiberiti. Kati yao alikuwepo mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, mjane kama Bibi, tuliyemwita Mama Duka. Alizaliwa Mwanza, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko cha Bibi, jambo lililomuudhi Bibi kidogo. Dini yake ilimkataza nyama na samaki wa aina yoyote. Hebu fikiria basi mtu wa namna hiyo, kila Jumapili, anawaacha wanawe chini ya mti na kuja kukaa Kabati, mtandio wa sari umefunika pua, pembeni ya dagaa wa mtaa mzima. Alikuja kwa ajili ya matobolwa. Bibi alichemsha viazi vitamu, akavikata na kuvianika mwenyewe, na Mama Duka aliyapenda kama mtoto. Yeye alileta achari ya embe. Walibadilishana, lakini kabla ya kubadilishana walibishana, huyu akisema chupa haijajaa, yule akisema viazi vimekatwa vyembamba. Hakuna aliyekuwa anauza. Mimi nilikaa katikati yao na fimbo yangu, nikajifunza biashara yote niliyonayo leo.

Halafu serikali ikafungua soko nchi nzima. Ghafla kukawa na soda za kopo, redio kaseti, mitumba ya kila rangi, na watu waliotuuliza ardhi hii ya nani. Siku moja alishuka kwenye pikapu bwana aliyevaa suruali nyeupe. Suruali nyeupe, mwaloni. Aliwahi kuwa dereva wa malori ya pamba, akabana senti zake, na sasa alikuwa amepata hati ya kile kipande chote, kutoka mawe hadi mawe. Alitaka kujenga mabanda ya nyasi, alete jenereta na jokofu, watu waje wale, wacheze muziki, waogelee. Tulimwita Bwana Banda kabla hajapigilia hata msumari mmoja.

Wanawake walikunja mikono. Bibi alimkaribisha chai, akamsimamisha upande ule upepo unakoelekea, ili harufu yote ipitie kwake. Akauliza ni mtu wa wapi. Kumbe ni wa Mara, tena Mkristo kama sisi, kijiji chake na cha Bibi mtu anakwenda kwa miguu. Nikajua tayari tumeshakaribia bei.

"Mama, sina ugomvi na dagaa," alisema. "Nawala. Lakini mgeni anayekuja kupunga upepo, hataki upepo wa dagaa."

"Upepo si wangu, mwanangu," Bibi akamjibu. "Mimi nimeukuta."

Bibi alikuwa na utaratibu. Akiwa anashinda alisema mwanangu. Akiwa anashindwa alisema bwana. Ukisikiliza majina tu ungejua mchezo uko wapi. Alianza kwa kutaka mchanga wote siku zote. Bwana Banda alianza kwa kutompa hata punje, wanawake wahamie nyuma ya mawe, kwenye majani. Chai ikaisha, ikachemshwa nyingine. Bwana, mwanangu, bwana, bwana, mwanangu. Mwisho Bibi akashusha pumzi ndefu kama mtu anayetoa figo.

"Basi nakupa mbalamwezi yote."

"Yote?"

"Yote. Mwezi ukiwa mkubwa, mchanga ni wako, sitakanyaga hapa na ungo. Giza niachie mimi."

Wanawake wenzake waliinama kukuna miguu ili wasionekane nyuso. Bwana Banda aliona amepata: watu hupenda kutoka jioni kukiwa na mwezi, na muziki na mbalamwezi vinaelewana. Wakasonga mbele kwenye sikukuu. Pasaka ilimwendea yeye, na Bibi aliiachia kwa uchungu mkubwa, ingawa Pasaka siku zote huja mwezi ukiwa mkubwa na asingekuwa na dagaa wa kuanika. Krismasi na Mwaka Mpya, ambazo hazifuati mwezi, wakazigawa, asubuhi dagaa, jioni wageni. Walizipitia sikukuu zote. Yaani zote walizozikumbuka, Wakristo wawili wa Mara wakiwa wamesimama mchangani. Wakapeana mikono. Hakikuandikwa kitu.

Nakuambia, ilifanya kazi. Mwezi ulipokua, wanawake walifagia mchanga mpaka ukaonyesha mistari ya ufagio, na Bwana Banda akawasha jenereta lake. Mpiga picha alikuja na farasi wa mbao. Wanawake wale wale walikaanga sato na mihogo pembeni na kuwauzia wageni wake, na mimi nikawa nawauzia karanga, nikigundua kwamba mtu aliye na mpenzi wake haulizi bei mara mbili. Mwezi ulipofifia, mitumbwi ikaingia, suruali nyeupe ikaondoka, dagaa wakarudi. Kibanda cha soda kikaota njiani, kikafuatiwa na cha kinyozi, na cha fundi baiskeli. Kimji kizima kilikuwa kinaota huku kikivuta pumzi na mwezi.

Kosa lilionwa na Mama Duka. Ilikuwa Jumapili ya mfungo wa Ramadhani. Alikuwa anachagua matobolwa, akasema kama mtu anayeongelea hali ya hewa kwamba Bwana Banda alifika dukani kwake kununua vitambaa vya kupamba. Amejenga banda kubwa jipya na atalifungua siku ya Idd. Mji mzima unakuja.

"Dada, sasa siku hiyo utaanika wapi?"

Bibi akasema Idd na dagaa vinahusiana nini.

Mama Duka hakuwa anafunga wala hakuwa na Idd yake, lakini aliuza nguo za Idd, na kila mwaka aliusubiri ule mwezi kuliko waliofunga. "Idd inakuja mwezi ukiandama," alisema. "Mwezi ukiandama unaonekana kidogo tu jioni, halafu usiku mzima giza. Na giza ni la nani?"

Bibi akaweka kikombe chini. Mimi niliinua vidole nikahesabu, nikahesabu tena. Idd ya kufungua mfungo haina namna ya kuja na mbalamwezi, hata ungeihonga. Ile ya kuchinja, mwezi unakuwa umeshakua, hiyo ni ya Bwana Banda bila ubishi. Lakini hii kubwa, siku ambayo Mwanza yote huvaa vipya na kutafuta maji ya kutazama, yeye mwenyewe alikuwa ameitoa milele, bila kujua, kwa kikombe cha chai. Na aliyepewa alikuwa hajui kwamba amepewa.

Bwana Banda alikuja mwenyewe siku mbili tatu baadaye. Alikuwa ameshaambiwa. Kreti za soda zilikuwa zimeagizwa kwa mkopo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeliacha lori bila breki.

"Mama, tulisahau."

"Tulisahau wote, bwana. Lakini tulichokisahau kimeangukia upande wangu."

"Siku moja tu nakuomba."

"Siku moja kila mwaka. Na kesho yake ni Idd pili. Halafu Jumapili ya giza, kwa sababu wageni wamezoea."

Akatazama ziwa. Halafu akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha: "Hati ni yangu, mama."

"Hati ni yako," Bibi akasema. "Mkono ulinipa mimi."

Aliondoka bila kuaga. Jioni ile, tukisugua sufuria kwa mchanga, Bibi aliniambia kitu ambacho hakuwaambia wenzake. Kwamba yeye akisema ndiyo, mchanga utaondoka siku moja moja mpaka uishe. Akisema hapana, yule mtu ana hati, anaweza kuuchukua wote kwa mara moja. Aliisugua ile sufuria mpaka nikaona itatoboka. Hakusema mwanangu wala bwana. Hakumtaja kwa jina lolote.

Asubuhi ya Idd mitumbwi ilirudi imejaa. Wavuvi wetu wengi hawakuwa Waislamu, na usiku ule ulikuwa mweusi kama masizi ya karabai, dagaa walikuja kana kwamba nao wamealikwa. Wanawake walianika kutoka majini hadi Kabati. Bwana Banda akafika, suruali ile ile, na kamba mkononi. Hakusalimu. Akafunga ncha moja kwenye jiwe, akachomeka mti karibu na maji, akafunga ncha ya pili. Mchanga ukawa vipande viwili, na cha kwake kikubwa.

Bibi akautazama ule mti. Akaenda akaung'oa, akausogeza upande wa Bwana Banda, akauchomeka. Naye akaja, akaurudisha, lakini si mpaka pale pa mwanzo. Bibi akausogeza tena, pungufu ya mara ya kwanza. Yeye akaurudisha kidogo. Wanawake walihamisha dagaa kufuata mti, huku na huko, na wavuvi waliacha kufunga mitumbwi wakatazama kama watu walio kwenye mpira. Mwishowe mti ukasimama mahali ambapo kila mmoja wao aliondoka akiwa amenuna sawa na mwenzake. Ndipo nilipojua bei imefikiwa.

Na watu wakaja. Mabinti wenye magauni ya kumetameta na soksi nyeupe, wavulana wa kanzu na miwani ya plastiki, baluni, halua, pilau iliyofungwa kwenye vitambaa, marashi yakipigana na dagaa wetu na kushindwa. Nilitembea kando ya kamba na fimbo yangu nikifukuza ndege, nikiwa nimevaa gauni la shule, na sitakuficha, macho yangu yalikuwa kwenye yale magauni. Mama Duka alikaa upande wa wageni, kama ilivyompasa, lakini amejisogeza mpaka kamba inamgusa bega. Bibi alikuwa upande wa pili. Matobolwa na achari vikapita juu ya kamba.

Mchana ulipoanza kuegemea, upande wa visiwani kukatanda wingu jeusi. Kwanza ulikuja ule ubaridi wa ghafla unaosimamisha vinyweleo, kisha maji yakabadilika rangi. Dagaa walikuwa nusu ya kukauka, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote. Dagaa mbichi akinyeshewa bado ana nafasi, wa nusu anaoza na funza juu. Wanawake wakakimbia na viroba na maturubai, na kila mtu aliona kwamba havitoshi. Paa pekee lililokuwepo lilikuwa la mabanda, na mabanda yalikuwa yamejaa watu wenye sahani mapajani.

Bibi alijaza beseni, akalibeba mpaka kwenye kamba. Akasimama. Kuvuka ilikuwa hatua moja tu, na hakuivuka. Alikuwa amempa yule mtu neno kwamba upande ule si wake leo, na sasa alisimama nalo hapo, beseni kichwani, akimtazama Bwana Banda aliyekuwa mlangoni kwa banda lake jipya lenye vitambaa vya Mama Duka. Wanawake wote wakasimama nyuma yake. Hata mimi, pamoja na utoto wangu, nilielewa. Bwana Banda hakuhitaji kufukuza mtu. Angebaki vile vile amesimama, mvua ingemfanyia kazi, giza lote la mwezi ule lingeoza mbele yetu, na hakuna mwanamke ambaye angekuwa na cha kununulia ndoo nyingine. Mchanga ungekuwa wake bila ugomvi.

Aliwatazama wageni. Akatazama wingu.

Aliyevuka kamba alikuwa Mama Duka. Akaivuka kuja upande wetu. Akavua mtandio wake, akautandika chini, akapiga magoti na kuanza kuzoa dagaa kwa mikono mitupu, mikono ambayo haikuwahi kugusa samaki tangu izaliwe. Uso alikuwa ameugeuza pembeni, midomo ameibana kama anameza dawa, lakini mikono ilikuwa inakwenda.

Bwana Banda alishuka ngazi mbio, akaung'oa ule mti yeye mwenyewe, akatupa kamba. "Lete humu mama," alisema. "Leteni humu humu."

Basi hapo ungeona Idd. Kanzu zilikunjwa zikajazwa dagaa. Mabinti wa magauni ya kumetameta walibeba kwa sahani, na mmoja wao alinipokea beseni langu, nikamwona gauni lake kwa karibu, na halikuwa zuri kama nilivyodhani. Tulimwaga dagaa juu ya meza, juu ya viti, kwenye sakafu ya kuchezea muziki. Tone la kwanza lilipoanguka mchangani, mchanga ulikuwa mtupu. Mvua ikapiga nyasi za paa, na sisi wote tukakaa humo ndani, Waislamu na Wahindi na Wakristo wa Mara, dagaa wametufika magotini. Mzee mmoja wa kofia alisema maishani mwake hajaona Idd yenye kitoweo kingi hivi na hakuna aliyepika. Mtu akawasha kaseti.

Bwana Banda alikuja kukaa juu ya kreti karibu na Bibi. Suruali yake ilikuwa na magamba mpaka kiunoni.

"Mama, Idd ijayo sitafunga kamba."

Bibi akafikiri. "Funga, mwanangu," akasema. "Ila mti nitauchomeka mimi."

Mama Duka aliosha mikono ziwani baada ya mvua, akaisugua kwa mchanga, akainusa, akaisugua tena, akaanza kucheka peke yake. Alisema leo jikoni kwake hataingia. Mtandio hakuweza kuuvaa tena, akamwachia Bibi. Bibi aliufua mara nyingi na kuuvaa kanisani, na harufu haikutoka kamwe. Tulikuwa na benchi letu wenyewe kwa muda mrefu.

Idd zilizofuata mti ulichomekwa na Bibi, na kila mara aliuchomeka pale pale ulipokuwa umefikia siku ile. Ningekuwa mimi ningeusogeza.

Natamani niseme ndivyo ilivyobaki. Lakini yalikuja magugu maji. Mwanzoni yalikuwa machache, na maua ya zambarau, tukayachuma kumpelekea mwalimu. Kisha yakaja kama mkeka, yakaziba kutoka mawe hadi mawe. Mitumbwi haikuweza kutia nanga, watoto hawakuweza kuogelea, na maji chini yake yakaanza kunuka harufu ambayo hata sisi hatukuizoea. Niliwaona Bibi na Bwana Banda wamezama viunoni, wanayavuta kwa mikono, wageni wake wa zamani na wanawake wetu nyuma yao, na jioni pakaonekana maji. Usiku upepo ukayarudisha. Hapakuwa tena na giza wala mbalamwezi ya kugawana. Mikopo haikumsubiri Bwana Banda. Akauza, akarudi Mara. Waliouziwa wakauza kwa wengine.

Mama Duka alihamia Dar es Salaam na wanawe, halafu nasikia mbali zaidi. Alikuja kuaga na chupa ya achari. Wakabishana kama kawaida kuhusu ujazo wa chupa, muda mrefu kuliko siku zote, na hakuna aliyetaka kukubali, maana wakikubaliana ingebidi aondoke.

Magugu yalipopungua, Bibi alichukua birika lake akaenda kuwasalimu wenye mchanga wapya, aanze nao upya. Alikuta geti, na kijana aliyemwambia asubiri. Alisubiri. Aliporudi, nilimuuliza wamefikia wapi. Akasema hakukuwa na mtu wa kubishana naye, alikuwepo mlinzi tu. Alilitundika birika ukutani, na hakulishusha mpaka alipotuacha.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo siku ile ya Idd, mgongo kwenye Kabati, pale mhudumu aliponiletea orodha ya vyakula. Kati ya vitafunwa kulikuwa na dagaa. Bei sitaitaja, nisije nikakuharibia siku. Waliletwa kwenye kibakuli kidogo, wamekaangwa, na kipande cha ndimu. "Hawana mchanga kabisa, mama," akanihakikishia. Nikatafuna mmoja. Ni kweli, hawakuwa nao.

Nikamchukua wa pili nikamlaza mchangani, kwenye ule mchanga wa lori, pale karibu na ulipokuwa mti. Sikuwa na sababu. Kabla sijaegemea vizuri yangeyange mmoja akashuka, akatembea kwa maringo yale yale ya zamani kumwendea yule dagaa. Nami nikajikuta nimesimama, mkono juu, na ule ukelele umeshatoka, kuanzia puani. Watu kwenye vitanda waligeuka wote. Wanangu walijifanya hawanijui. Ndege akaenda zake.

Nikakaa tena. Jua lilikuwa bado kali, na upande wa visiwani hakukuwa na wingu. Baada ya muda kidogo nikainama, nikamgeuza dagaa wangu.